Kronografu Yenye Taa Zake Yatua Palma

Mita 58 kwa sekunde! Manati ya panda la mpera, mipira bapa ya njano, gololi ya chuma ya milimita 8, na kufumba na kufumbua tarakimu nyekundu zimewaka: 58. Kwa hesabu ya madereva hiyo ni karibu kilomita 209 kwa saa, na injini ni mkono wa binadamu. Jamani! Miaka yote tumekaa barazani tukibishana manati ya nani ina nguvu, kila mtu na kopo lake lililotobolewa kama shahidi, kumbe hakimu wa kesi hii ni kisanduku cheusi cha shubiri moja kinachochajiwa kwa waya wa simu.

Kinaitwa kronografu. Kimefika Palma, huku kwetu Msumbiji, kwa njia inayotuletea vitu vingi vizuri: Mtwara, kisha Kilambo, kisha mto Ruvuma, kisha Namoto na ile barabara ya kupitia Quionga. Hakina jina la kampuni la kujivunia. Ubavuni pameandikwa herufi na namba ambazo hata muuzaji hakuzijali, na karatasi ya maelekezo ina Kichina upande mmoja na Kiingereza cha kubahatisha upande wa pili. Plastiki ya kioo bado sijaibandua, na tayari nakitaka cha pili.

Kazi yake ni nyepesi hadi inaudhi. Ndani ya handaki lake mna milango miwili ya mwanga, wa pili ukiwa sentimita 10 mbele ya wa kwanza. Gololi ikikata mwanga wa kwanza, saa inaanza. Ikikata wa pili, saa inasimama. Gololi ya mita 58 kwa sekunde huivuka nafasi hiyo kabla hata sehemu mbili za elfu za sekunde hazijatimia. Kisanduku kinagawanya umbali kwa muda, kinakupa mwendo, kwisha. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu pembeni alisogea kutazama.

"Mwanangu, hiyo inapima na maneno ya watu?"

"Hapana, baba. Gololi tu."

"Basi hapa haina kazi," akarudi kwenye wavu wake.

Ina kazi, tena kubwa, na sababu yake ni jua.

Mtu anayenunua kronografu huko Ulaya au Marekani mara nyingi huanza na ile ya mtindo wa zamani: macho mawili yanayotazama juu, na vijiti vilivyobeba vipande vya plastiki nyeupe. Macho hayo hayana taa, yanategemea anga. Kitu kikipita juu yake kinatia kivuli, jicho linashtuka. Caldwell wanazitengeneza, Competition Electronics wanazitengeneza, na Shooting Chrony ya Kanada iliwafundisha wengi kupima kabla haijaja teknolojia nyingine. Ni vyombo vyema kabisa chini ya mawingu meupe yaliyotandaa sawasawa. Sasa mawingu ya namna hiyo sisi tunayapata lini? Palma iko kama nyuzi 10 na dakika 46 kusini mwa ikweta. Karibu na tarehe 21 Oktoba, na tena karibu na tarehe 20 Februari, jua la adhuhuri linasimama utosini hasa, na kivuli cha mnazi kinajikunja chini ya mnazi wenyewe. Jicho linalotazama juu linatazama jua ana kwa ana. Ongeza mchanga mweupe unaorudisha mwanga kutoka chini, ongeza makuti yanayopepea na kurusha vivuli huku na huku, na hapo utapata neno la kosa baada ya neno la kosa. Au utapata kitu kibaya zaidi, yaani namba ya uongo inayofanana na ya kweli.

Utasema basi nitalikimbia jua, nitapima ndani usiku. Huko nako kuna mtego. Umeme wa gridi una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za tyubu na balbu za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Wewe huoni kitu. Jicho la kronografu linaona kila pepeso, na likichanganyikiwa litahesabu taa ya sebuleni kuwa ni gololi.

Ndiyo maana nimepagawa. Hiki kimekuja na mwanga wake! Kila mlango una mstari wa vitaa vya infraredi upande mmoja na vihisio upande wa pili, na hakiombi msaada wa anga. Saa saba mchana kinasoma. Chini ya mwembe kinasoma. Usiku umeme umekatika, mtaa mzima giza, kinasoma, na zile tarakimu nyekundu zinawaka utadhani ni sherehe.

Hakikosi adui, lakini. Jua nalo limejaa infraredi, na likipenya moja kwa moja kwenye mdomo wa handaki vihisio vinalewa. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi ukikielekeza baharini kinaganda, jioni ukikigeuzia bara kinaganda vilevile. Kilaze kielekee kusini au kaskazini, kivishe kofia ya katoni juu na ubavuni, mambo yanakwenda. Na baharini hapaelekezwi kwa sababu nzito kuliko hiyo: kuna ngalawa, kuna akina mama wanaookota chaza maji ya bamvua yakitoka, na gololi iliyokosa shabaha haina adabu. Mimi natundika nyuma wavu mkuukuu uliokunjwa mara nyingi, mbele yake kitambaa kizito kinachoning'inia. Gololi inapiga kitambaa, inakosa nguvu, inaanguka chini unaiokota. Gunia lililoshindiliwa mchanga halifai, gololi hurudi. Na miwani ya kazi machoni, hilo halina mjadala.

Sasa ukienda kununua, cha kwanza tazama mdomo. Zipo kronografu ndogo za bomba, kama Xcortech X3200 ya Taiwan, zilizotengenezwa kwa ajili ya bunduki za kuchezea zinazorusha vijitufe vya plastiki. Nzuri sana kwa kitu chenye mtutu, maana mtutu unausogeza mpaka kwenye tundu. Manati haina mtutu. Gololi yako leo inapita katikati, kesho inapita kushoto kwa vidole viwili, na bomba lako limekwisha. Kwa manati sikubali mdomo wa chini ya sentimita 10, na kwa mtu anayejifunza ningetaka hata zaidi.

Cha pili, tazama mwendo wa chini kabisa ambao chombo kinaweza kusoma. Hapa ndipo wenye pesa wanaponaswa. Garmin walitoa Xero C1 Pro mwaka 2023, rada ndogo ya kuweka mezani pembeni yako, haina handaki la kuvunja, bei yake ilipotoka kama dola 600, yaani zaidi ya meticais 38,000. Ni chombo cha ndoto, sikatai, na nikipewa nitalala nacho. Lakini kinaanzia futi 100 kwa sekunde, ambazo ni kama mita 30. Manati ya mpira wa baiskeli ya mtoto anayelinda mpunga inaweza kuwa chini ya hapo, na rada ya dola 600 itamtazama tu. FX wa Sweden nao wana rada yao ya mfukoni, imebuniwa kwa bunduki za upepo na inazungumza na simu. Simu maana yake programu, na programu maana yake mtandao wa kuipakulia. Wenye kujua mtandao wa huku watanielewa nikisema napenda kifaa chenye kioo chake mwenyewe.

Tukifika kwenye bunduki za upepo, niseme wazi. Hapa Palma sikuzijaribu na wala sitazijaribu. Mji uliopitia lile shambulio la tarehe 24 Machi 2021 siyo mahali pa kutembea na kitu chenye mtutu, hata kama kinachotoka ni pumzi na kijirisasi cha nusu gramu. Askari aliye kwenye kizuizi cha barabarani hana wajibu wa kukisia tofauti yake, na ukiwa mbali hata wewe usingeijua. Manati, fisga kama wanavyoiita wenye Kireno, watoto wanatembea nazo shingoni kila siku na hakuna anayeuliza. Hata hivyo kronografu yenyewe naibeba kwenye katoni lake lenye picha, na karatasi ya maelekezo juu, maana kisanduku cheusi chenye tarakimu nyekundu kinaweza kumtia mtu wasiwasi bure.

Ya upepo tuliipimia upande wa Mtwara, kwa jamaa mwenye kibali chake na ua wenye ukuta mrefu. Bunduki ya springi, tundu la milimita 4.5, vijirisasi vya gramu 0.52. Namba zikaanza kutoka kwa utulivu: 171, 173, 170. Halafu, paa! 214. Jamaa akaruka, "Kifaa chako kibovu!" Hapana, kifaa kilikuwa kimesema kweli tupu. Springi ilikuwa imetiwa mafuta siku si nyingi, na hewa ikibanwa kwa ghafla ndani ya silinda inapata joto la kuunguza mafuta hayo, kwa namna ileile ya injini ya dizeli. Kijirisasi kinapata msukumo usio wake. Moshi kidogo mdomoni na harufu ya kuungua ndio ushahidi. Tuliendelea kupiga mpaka mafuta yakaisha, namba zikarudi kwenye mia na sabini na kitu. Fikiria, bila kronografu angejuaje? Kwa bunduki za mtungi wa hewa hadithi ni nyingine: namba zikishuka taratibu risasi baada ya risasi, tazama kwanza geji ya mtungi kabla hujatukana chombo. Na kwa bunduki yoyote ya upepo, acha kama mita moja kati ya mtutu na handaki, kwa sababu pumzi inayotoka nayo inaweza kuamsha mlango wa kwanza kabla ya wakati.

Wazungu wana sababu ya ziada ya kuvipenda vyombo hivi. Uingereza bunduki ya upepo ya kawaida haitakiwi kuvuka futi-pauni 12, ambazo ni jouli 16 na kitu; Ujerumani mpaka wa ile inayouzwa bila leseni ni jouli 7.5. Kule kronografu inakuepusha na mahakama. Kwetu inamaliza ubishi, kazi ambayo kwa maoni yangu ni ngumu zaidi.

Turudi kwenye manati, maana huko ndiko matatizo yanakochekesha. Ukisimama karibu mno na kisanduku, mipira na kingozi vinaifuata gololi mpaka ndani ya handaki. Kisanduku kinasoma kingozi, au kinasoma gololi mlangoni na kingozi nje yake, na kinakupa namba ya ajabu. Kuna jamaa aliondoka kwangu akiamini manati yake imevunja mwendo wa sauti, ambao kwa joto letu ni kama mita 349 kwa sekunde! Rudi nyuma. Mita moja na nusu kati ya panda na mdomo inatosha, na ujizoeze kupiga katikati kwenye kopo kwanza. Piga sambamba na handaki pia. Ukipita kwa mshazari wa nyuzi 10, gololi inasafiri njia ndefu kuliko kisanduku kinavyodhani, na namba inashuka kwa asilimia moja na nusu hivi. Si nyingi, lakini ndiyo tofauti ambayo watu watagombania.

Gololi mpya za chuma zinang'aa kama kioo, na kwenye kronografu za kutegemea anga ule mng'ao unaharibu kivuli; zipake wino mweusi wa maka pen. Vitufe vya udongo wanavyofinyanga watoto vikikauka hupukutika vikiwa njiani, na mlango wa pili unakata vumbi badala ya kitufe. Betri ikikaribia kwisha namba hazififii, zinaanza kusema uongo, kwa hiyo chaji kabla ya kushindana. Mchanga ukiingia kwenye vile vitundu vya vihisio kifaa kinanyamaza kabisa. Puliza, kisha pitisha pamba yenye spiriti kidogo. Na msimu wa kumbikumbi usipime usiku ukiwa karibu na taa. Nimeona kikiandika mwendo bila mtu kushika manati.

Haya, lakini kisanduku chenyewe tunakiaminije? Hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji maabara, kinahitaji dari. Kitu kizito kidogo kikiachiwa kianguke, mwendo wake unajulikana kabla hujakiachia. Kutoka sentimita 127 gololi inafika chini na mwendo wa mita 5 kwa sekunde. Kutoka mita 5 na sentimita 10, mwendo ni mita 10 kwa sekunde kamili, na uzito wa gololi hauhusiki. Simamisha kisanduku mdomo ukitazama juu, ndani ya kivuli cha veranda, kwa sababu ukikiweka juani hivyo unakimwagia jua lote kooni. Tandika kitambaa chini. Pima kwa futikamba kutoka gololi inapoachiwa hadi katikati ya ile milango miwili. Achia, usirushe. Changu kilisema 5.0, nikarudia kikasema 5.0, nikamwita kila mtu aliyekuwa karibu aje aone. Kama chako kinasema 4.8 kila mara, basi milango yake haiko kwenye umbali unaodaiwa. Kwenye sentimita 10, milimita moja tu ya makosa ya kiwandani ni asilimia moja. Hilo halina ubaya mkubwa, mradi kosa ni lilelile kila siku: unajua chako kinapunguza asilimia nne, unaongeza. Kinachoruka 4.6 kisha 5.3 ndicho cha kurudisha.

Na asiyekuwa na kisanduku hata kimoja asikate tamaa. Mwingereza Benjamin Robins alichapisha mwaka 1742 namna ya kupima mwendo wa risasi kwa pendulamu, na mpaka leo inafanya kazi uani. Jaza mfuko udongo mbichi mpaka ufike nusu kilo, utundike kwa kamba ya mita 2, upige kwa gololi ya kioo ya gramu 5.4 mpaka izame humo. Mfuko ukisogea sentimita 16 na ushee, gololi yako ilikuwa inakwenda kama mita 34 kwa sekunde. Karne tatu karibu, na bado ni hesabu ya mfuko na kamba!

Namba hiyo ya 34 sikuitoa hewani. Ni ya kijana mmoja mlinzi wa mpunga aliyekuja na manati yake ya mpira wa baiskeli, gololi ya kioo aliyoshinda kwenye mchezo, akapiga baada ya 58 yangu. Wenzake wakamcheka.

"Mjomba, nimeshindwa?"

Nikachukua gololi zote mbili hadi kwa sonara, maana mizani yake haitanii. Yangu ya chuma gramu 2.1, yake ya kioo gramu 5.4. Nguvu ya kitu kinachoruka ni nusu ya uzito wake mara mwendo, mara mwendo tena. Yangu ikatoa jouli 3.5. Yake jouli 3.1! Manati ya bure, mpira uliotoboka kwenye baiskeli ya mjomba wake, inapumulia kisogoni mwa mipira iliyonunuliwa kwa dola. Akitumia gololi yangu kwenye manati yake hatapata kitu, mpira mzito wa baiskeli hauwezi kukimbia haraka hata ukiwa hauna mzigo. Ile gololi nzito ndiyo inayoufaa. Kijana alikuwa amelijua hilo shambani bila kuambiwa na mtu. Wenzake walinyamaza, kisha wote wakataka kupimiwa zao, na chaji ikaisha.

Malalamiko yangu ni machache. Kitufe cha kubadili kipimo kimefichwa chini, na kifaa kinatoka dukani kikisoma futi, kwa hiyo ile 58 yangu ingekuudhi kwa kuandikwa 190. Soketi ya chaji haina kifuniko, na kusi likianza kuvuma na kuleta mvuke wa chumvi sijui nitaificha vipi isipokuwa kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Sehemu ya kushikia miguu mitatu ya kamera ni ya plastiki laini. Mimi nakifunga kwa mpira juu ya kisiki cha mnazi na kinatulia vizuri zaidi.

Ukikikuta Mtwara, usilipe kwanza. Mwambie muuzaji akiwashe, kitoe nje ya taa za duka, kisha pitisha penseli ndani ya handaki kwa haraka, kutoka nyuma kwenda mbele. Kikiandika namba yoyote, milango yote miwili iko hai. Kikinyamaza au kikiganda ukiipitisha mara ya tatu, kirudishe mezani uombe kingine. Na kama amebaki navyo viwili, kimoja niwekee.